Hogo Limetoka, Ngumi Haifungi: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Vidole na Kifundo cha Mkono

Ujumbe ninaoupata ni uleule, jina la anayeuandika tu ndilo linabadilika: "Nilivunjika mkono, nikafungwa hogo wiki sita, limetolewa, nimenunua mpira naubinya kutwa, vidole bado havikunjiki."

Tuanzie hapohapo. Huo mpira uweke kabatini. Mkono uliotoka kwenye hogo tatizo lake la kwanza si nguvu, ni kukwama. Ukibinya mpira, vidole vinaishia kwenye unene wa mpira. Havijawahi kufika kiganjani hata mara moja, halafu unashangaa kwa nini havifiki.

Nami nilifanya kosa hilohilo. Niliteleza bafuni, mkono wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kifundo, na hogo lilipokatwa nikakuta mkono mwembamba, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu, vidole vimenyooka kama vijiti. Nikabinya mpira wiki mbili. Siku ya kwanza kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, aliutazama mkono, akautazama mpira mfukoni mwangu, akauliza: "Kaka, nani kakutuma uanze mwisho?"

## Nani afuate, nani asiguse

Mwongozo huu ni wa mtu aliyevunjika mkono karibu na kifundo, au aliyeteguka kifundo au kidole. Hogo au bandeji imetolewa, na daktari ameangalia eksirei akasema mkono uanze kutumika. Kama hujaambiwa hivyo, subiri.

Usiufuate kabisa kama:

- Ulikatwa kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) na panga, kioo au mashine, ikashonwa. Kano iliyoshonwa huchukua kama wiki 12 kuweza kubeba kazi za kawaida, na mazoezi yake hupangwa wiki kwa wiki na fizio. Ngumi moja ya nguvu katika wiki ya tatu inaweza kuikata upya.
- Ncha ya kidole imeinama na hainyanyuki baada ya kugongwa na mpira au kujipiga mlangoni. Kidole hicho hufungwa kikiwa kimenyooka wiki 6 hadi 8 mfululizo, mchana na usiku. Kikikunjika mara moja, hesabu huanza upya.
- Una pini zinazotokeza nje, kidonda kibichi, au ngozi iliyopandikizwa baada ya kuungua.

Kama bado uko ndani ya hogo, kazi yako ni ndogo ila ianze leo: vidole vilivyo nje vikunje na kuvinyoosha kila saa ukiwa macho (isipokuwa daktari amekukataza), mkono uupandishe juu ya usawa wa moyo, na bega ulizungushe. Wengi hubembeleza mkono kwenye kitambaa cha shingoni wiki sita, wakitoka wana magonjwa mawili: mkono mkavu na bega lisilopanda.

## Vifaa

Vyote viko nyumbani:

- Beseni la maji ya uvuguvugu
- Taulo ndogo, au kanga iliyokunjwa
- Mto wa kulalia
- Rula ya shule na daftari
- Mwiko mwepesi wa mbao
- Mafuta ya nazi au ya mgando
- Sponji ya kuoshea vyombo
- Bakuli la mchele ambao haujachambuliwa, au ubao wa bao na kete zake
- Donge la unga wa chapati (la baadaye, usilikande leo)

Vua pete zote. Mkono huvimba usiku, na pete iliyobana kwenye kidole kilichovimba huishia kukatwa.

## Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa kitu

Keti, weka kiwiko mezani, kiganja kielekee usoni. Kunja ngumi kadiri inavyokubali bila kulazimisha. Chukua rula, pima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi mstari wa juu wa kiganja, ule uliolala chini ya vidole. Andika: "Kati, sm 4," na tarehe. Fanya hivyo kwa vidole vinne.

Sababu ya kupima ni kwamba maendeleo ya mkono ni madogo kiasi kwamba mwenyewe huyaoni. Nusu sentimita kwa wiki ni habari njema sana, lakini bila daftari utaapa kwamba hakuna kilichobadilika, utakata tamaa au utaanza kuvuta vidole kwa nguvu. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi ya siku ileile. Ukipima kila siku utajitia wazimu.

## Hatua ya 2: Toa uvimbe

Kidole kilichovimba ni kama soksi iliyojazwa maji: utakikunja vipi? Lala au keti, mkono juu ya mto, vidole vikiwa juu kuliko kiwiko na kiwiko juu kuliko moyo. Kaa hivyo dakika 10.

Paka mafuta kidogo. Kwa mkono mzima (ule usioumia), sukuma taratibu kutoka ncha za vidole kuelekea kifundo, kisha kuelekea kiwiko. Ni upande huo mmoja tu, wala usirudi nyuma. Mguso uwe mwepesi kama unampaka mtoto mchanga. Halafu, mkono ukiwa bado juu, fungua na funga vidole mara 10. Misuli inapojikaza husaidia kusukuma maji yarudi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo litawaudhi wajomba na mashangazi. Mkandaji wa mtaani anayekanda mkono uliotoka kuvunjika mpaka unalia anaongeza uvimbe, na uvimbe ndio unaokakamaza. Najua anafanya kwa moyo mwema. Mwambie: "Shikamoo mzee, daktari ameniwekea masharti," mpe chai, na mkono wako ubaki nao.

Utajua umefaulu ukiona mikunjo ya ngozi juu ya viungo vya vidole imeanza kurudi. Kidole kilichovimba hakina mikunjo.

## Hatua ya 3: Maji ya uvuguvugu

Tumbukiza mkono dakika 5 hadi 10, huku ukichezesha vidole polepole ndani ya maji. Joto hulainisha tishu zilizojikaza na kupunguza maumivu, kwa hiyo mazoezi yanayofuata yatafika mbali zaidi.

Jaribu maji kwa mkono mzima, si kwa ulioumia. Mkono wenye ganzi hausemi ukweli juu ya joto, na watu wameungua hivyo. Maji yanayokufanya uvute pumzi kwa meno ni ya moto mno. Kama mkono umevimba, ni mwekundu na una joto wenyewe, au una kidonda, ruka hatua hii.

## Hatua ya 4: Maumbo matano

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukikosa muda wa kufanya mengine yote, fanya hii.

Ndani ya kila kidole, toka cha shahada hadi cha mwisho, zimepita kano mbili za kukunjia katika ala moja. Moja inaishia kwenye pingili ya katikati, nyingine inakwenda hadi pingili ya ncha. Mkono ukikaa kimya wiki sita zinaweza kugandana, moja na mwenzake na zote na ala yao. Maumbo haya yamepangwa ili kila kano iteleze kivyake.

Kwanza, kosa linalowaangusha karibu wote. Chukua mkono wako mzima. Inamisha kifundo chini kabisa, kama shingo ya bata anayekunywa maji, kisha jaribu kukunja ngumi. Umeona? Haifungi, na huo ni mkono usio na ugonjwa. Kano za mgongoni zimevutwa zikaisha. Sasa nyanyua kifundo kirudi nyuma kidogo, ukunje tena: ngumi inajaa. Wengi wanaoniambia vidole havifiki wamekaa na kifundo kimeinama na hawajui. Kwa hiyo weka kiwiko mezani, mkono wima, kifundo kikirudi nyuma kidogo, na kikae hivyo muda wote.

Shika kila umbo sekunde 3 hadi 5, na kati ya umbo na umbo rudi kwenye la kwanza.

1. Mkono wazi. Vidole vyote vimenyooka, kama unamsimamisha kondakta.
2. Ndoana. Vifundo vya ngumi (vile vikubwa vinavyotokeza) vibaki vimenyooka. Kunja viungo vya kati na vya ncha tu. Hapa ndipo kano zile mbili zinateleza kwa kupishana zaidi kuliko umbo jingine lolote. Ni umbo gumu, na ndilo watu hulikwepa.
3. Ngumi kamili. Ncha zielekee kiganjani. Zinapoishia, ongeza kidogo, shikilia, achia.
4. Bati la kibanda. Kinyume cha ndoana: kunja vifundo vya ngumi tu, vidole vibaki vimenyooka mbele kama bati lililotokeza nje ya ukuta.
5. Ngumi bapa. Kunja vifundo vya ngumi na viungo vya kati, lakini ncha zibaki zimenyooka, zikilala chini ya kiganja karibu na kifundo.

Mzunguko mmoja ni maumbo yote matano. Fanya mizunguko 5 kwa kikao wiki ya kwanza, kisha 10.

Maumivu yaweje? Kuvutwa na kuchoma kidogo mwishoni mwa umbo ni sawa, mradi yatulie ndani ya nusu saa hivi. Maumivu makali kama sindano, au mkono uliovimba zaidi kesho yake asubuhi, maana yake ulizidisha: punguza nusu, usiache kabisa.

## Hatua ya 5: Kiungo kimoja kimoja

Vidole ni wavivu kwa ujanja. Ukiviamuru vikunje, kiungo kinachokunjika kirahisi kitafanya kazi yote, kilichokwama kitapanda bure kama abiria asiyelipa nauli. Kwa hiyo kibane.

Shika pingili ya chini ya kidole cha shahada kwa mkono mzima, uizuie isicheze. Kunja kiungo cha kati peke yake mara 10. Kisha sogeza mshiko, bana pingili ya katikati, ukunje ncha peke yake mara 10. Ncha itacheza kidogo sana, pengine utaiona inatikisika tu. Inatosha. Endelea kidole kwa kidole.

Ni kukunja kwa misuli ya mkono ulioumia wenyewe. Mkono mzima unashika tu, hausukumi.

## Hatua ya 6: Gumba

Gusisha ncha ya gumba na ncha ya kila kidole, moja baada ya nyingine, ukitengeneza duara la yai, si mdomo wa bata. Ukifika kidole cha mwisho, telezesha gumba kushuka hadi shina la kidole hicho. Siku gumba likifika shinani bila kusaidiwa, hatua hii imekwisha. Wenye tasbihi watumie tasbihi: punje 99 ni kikao kizuri cha gumba na shahada.

Jaribio la kufanya kila siku: laza kiganja mezani, nyanyua gumba peke yake kuelekea dari. Aliyevunjika karibu na kifundo, hata kama mfupa haukuhama, anaweza kukatikiwa na kano inayonyanyua gumba wiki au miezi michache baadaye, bila kuanguka tena. Kama jana lilinyanyuka na leo halinyanyuki kabisa, hilo si suala la mazoezi. Nenda hospitali.

## Hatua ya 7: Kifundo na kugeuza kiganja

Laza mkono mezani, kiganja chini, kifundo na kitanga vikining'inia nje ya ukingo. Vidole vikiwa vimelegea katika ngumi nyepesi, nyanyua kitanga juu, shikilia sekunde 5, shusha. Mara 10. Kisha telezesha kitanga kushoto na kulia kama unafuta vumbi, mara 10.

Sasa kugeuza. Hii ndiyo inayochelewa kurudi, na ndiyo inayohitajika kila dakika: kupokea chenji, kunawa uso, kupeleka tonge mdomoni. Mimi nililia kwenye daladala siku niliponyoosha mkono kupokea mia mbili na sarafu zikamwagika, kwa sababu kiganja kiligoma kutazama juu.

Keti, kiwiko kimekunjwa pembe mraba, kimegandana na mbavu. Bana kanga iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu. Geuza kiganja kitazame juu, shikilia sekunde 5, kisha kitazame chini. Mara 10. Kanga ikianguka, umedanganya: uligeuza bega, si mkono. Kwa kweli kanga yangu ilianguka siku nne mfululizo.

Zoezi likishakuwa jepesi, shika mwiko katikati ya mpini, geuza polepole ulale kulia, kisha kushoto. Kadiri unavyoshika karibu na mwisho wa mpini, ndivyo mwiko unavyokuwa mzito. Sogea taratibu, kwa kipimo cha vidole viwili kwa wiki.

Umefaulu ukiweza kuweka sarafu tano kiganjani na kuzihesabu bila kuinamisha mwili.

## Hatua ya 8: Kazi za vidole vidogo

Kuanzia hapa mazoezi yaache kuwa mazoezi. Chambua mchele: okota pumba na vijiwe kwa gumba na shahada, kisha gumba na kidole cha kati. Funga na ufungue vifungo vya shati likiwa mezani, kisha likiwa mwilini. Menya vitunguu saumu.

Na cheza bao. Sisemi hivi kwa utani. Mashimo 32, kete 64: unakomba kete zote za shimo, unazificha kiganjani kwa vidole vitatu, huku gumba na shahada vikitoa moja moja na kuzisambaza. Sijaona kifaa cha hospitali kinachofanya yote hayo kwa wakati mmoja. Mwanzoni zitakuponyoka. Mwambie mwenzako asikucheke, au akucheke lakini akusubiri.

## Hatua ya 9: Sasa nguvu

Usifike hapa kabla ya mambo mawili: daktari amesema mfupa umeunga vizuri, na ncha za vidole zinafika kiganjani au zimebakiza sentimita moja hivi. Kwa wengi ni wiki ya 8 na kuendelea tangu kuvunjika.

Anza na sponji ndani ya maji ya uvuguvugu: ibinye, iachie, mara 10. Inajikunja hadi mwisho, haizuii vidole kama mpira. Wiki inayofuata nenda kwenye unga wa chapati: ubinye ngumi nzima, uuviringe uwe kamba, uubane kamba hiyo kwa gumba na kila kidole, kisha uzungushie vidole vyote kama pete na ujaribu kuvitanua. Unga ukiwa mkavu zaidi, kazi ni ngumu zaidi. Baadaye kamua kitambaa, kisha taulo. Mpira, ukiupenda sana, unaingia hapa.

Ndoo ya maji, mtungi wa gesi, na kujisukuma kwa mikono kutoka sakafuni visubiri hadi wiki ya 12 hivi, na hata hapo uliza kwanza.

## Siku inavyopangwa

Vikao vifupi vinne hadi sita kwa siku, dakika 10 kila kimoja, hushinda kikao kimoja cha saa nzima kilichojaa jasho. Asubuhi mkono huwa mgumu kuliko wakati wote. Anza na maji ya uvuguvugu na maumbo matano. Kikao cha saa nne na cha saa saba ni maumbo na kiungo kimoja kimoja tu. Jioni fanya kifundo, kugeuza na bao. Kabla ya kulala, mkono juu ya mto dakika 10. Kila mara malizia kwa kupandisha mkono wote juu ya kichwa mara 5, kwa ajili ya bega.

Kazi nyingi za nyumbani hurudi ndani ya miezi 3 hadi 6. Ukakamavu wa mwishomwisho huweza kuendelea kupungua hadi mwaka mzima.

## Acha, nenda hospitali

- Ukiwa bado ndani ya hogo: maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, vidole vinakuwa vya bluu au vyeupe, ganzi, au mtu akikinyoosha kidole chako cha mkono huo unapiga kelele. Nenda saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.
- Mkono unaunguza kama pilipili, umevimba, unang'aa, unabadilika rangi na joto, unatoka jasho kuliko mwenzake, hata shuka likiugusa unaruka. Hali hii hutibika vyema ikiwahiwa.
- Homa, usaha au wekundu unaosambaa.
- Ganzi ya gumba, shahada na cha kati inayokuamsha usiku na haipungui.

Na kama hakuna hata moja kati ya hayo, ila daftari linaonyesha namba ileile wiki tatu mfululizo, hapo umefika mwisho wa kinachowezekana nyumbani. Nenda kwa fizio, na daftari ulibebe. Wangu alilisoma kurasa zote kabla hajaushika mkono, akaweka kidole kwenye mstari wa kidole cha pete uliogoma kwenye sm 2, akasema, "Tuanze na huyu."